Darasa Lililonisubiri Ziwani

Sababu ya safari hii ni viti vya plastiki. Naanza na hilo kwa sababu hapa kwetu Dodoma imeenea habari kwamba nilikwenda Kigoma kuhiji, na wengine wanasema nilifuata dagaa. Dagaa nilileta, sikatai. Lakini kilichonitoa nyumbani ni viti.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kanisani kwetu, sisi Waanglikana, nilipewa darasa la Neno la watu wazima, kila Jumamosi alasiri. Tulianza na watu wa kujaza chumba. Nikaona mambo yanakwenda vizuri, na mimi mambo yakienda vizuri huwa natunga mtihani. Nikatunga maswali ishirini, nikasahihisha kwa kalamu nyekundu, nikabandika matokeo kwenye ubao wa matangazo wa kanisa, kati ya tangazo la ndoa na zamu za usafi. Mke wangu, Mama Yoeli, alipata kumi na moja. Sikumwongezea hata moja, na nilijiona mtu wa haki sana.

Wa mwisho alikuwa Mzee Ndahani, mpiga kengele wetu, aliyepata tatu. Kengele yenyewe ni rimu ya lori iliyoning'inizwa nje ya kanisa, na yeye anaigonga kwa nyundo tangu mimi sijaota ndevu. Jumapili iliyofuata aliigonga kama kawaida. Jumamosi, saa ya darasa, ilikuwa kimya. Wiki iliyofuata kimya tena. Watu nao wakaanza kupungua, mmoja shamba, mwingine mafua, mwingine hata sababu hakutoa. Mama Yoeli aliniambia tu kwamba Jumamosi ana kufua.

Mwezi wa kumi Mchungaji akaniita. "Mwalimu, viti vyetu vya plastiki vinanyeshewa. Darasa lako lina watu wangapi?"

"Watatu, pamoja na mimi."

"Viti ni mia mbili," akasema, na akaniachia nipige hesabu mwenyewe.

Alinipa mpaka Majilio. Chumba kisipopata watu, kinakuwa stoo. Ila akaniambia kwamba aliwahi kufika kijiji kimoja kando ya Ziwa Tanganyika, kwa Waanglikana wenzetu, akakuta darasa la watu wazima wasiokosa hata siku moja. "Nenda ukaone wanafanyaje," alisema. "Lakini uende mwezi ukikaribia kujaa. Siku nyingine hutamkuta mtu." Sikuelewa mwezi unahusianaje na darasa, lakini kuuliza swali mbele ya Mchungaji ni jambo ambalo mtu wa aina yangu halipendi.

Siku ya kuondoka, jioni, Mama Yoeli alinifungia viazi vitamu na karanga. Nami nilifunga kitabu cha masomo kumi na manane, boksi la chaki na kalamu yangu nyekundu.

"Baba Yoeli, ukifika uwasikilize," akaniambia.

"Mimi ni mwalimu."

"Ndiyo maana nakwambia."

Treni ya umeme inaishia kwetu Dodoma. Wa kwenda Kigoma anapanda ile ya zamani, isiyo na haraka na mtu. Nilikaa na mama mmoja wa Kasulu aliyekuwa anatoka kumwona mjukuu. Akaniuliza naenda kufanya nini. Nikamwambia naenda kujifunza namna ya kufundisha. Akanitazama mvi zangu, akauliza, "Si umesema umestaafu?" Basi nikamgawia karanga.

Asubuhi Tabora, asali ikapita madirishani katika chupa za maji. Nikanunua moja. Baada ya hapo ni Urambo, Kaliua, miombo upande huu na miombo upande ule, mpaka Uvinza, ambako wanauza chumvi, na yule mama akaninunulia pakiti bila kuniuliza. "Umetoka mbali," alisema, "usifike mikono mitupu." Nikaona aibu kidogo. Nilikuwa nimefunga chaki kwa ajili ya wenyeji wangu, na sikuwa nimefikiria zawadi hata kidogo.

Kigoma reli inakwisha, na ziwa linaanza pale pale, kana kwamba waliojenga reli walikusudia kuendelea wakakuta maji. Nilichukua bodaboda mpaka Gungu kwa Anita, niliyemfundisha darasa la nne zamani, ambaye sasa ni fundi cherehani kwenye soko la Mwanga. Alinipokea kwa shikamoo mbili, moja ya mlangoni na nyingine ya mezani, akanipakulia ugali wa muhogo na samaki aina ya migebuka walioungwa kwa mawese. Nilikula mpaka nikafungua kifungo.

"Mwalimu," akasema Anita akinimiminia maji ya kunawa, "bado unabandika majina ya walioshindwa mlangoni?"

"Siku hizi nimestaafu," nikamjibu.

"Mimi nilikuwa wa mwisho mara mbili. Nakumbuka mpaka misumari uliyotumia. Ilikuwa minne, na mmoja ulikuwa umepinda."

Alicheka aliposema hivyo, na alicheka kwa wema kabisa. Mimi nilinawa mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Asubuhi ya Jumanne nilishuka Kibirizi kupanda boti ya kwenda vijiji vya kaskazini. Ni boti ya mbao yenye injini nyuma, imejaa magunia ya unga, kreti za soda, godoro moja na kuku wasiokuwa na furaha. Milima inashuka moja kwa moja mpaka majini, na nyumba zimekaa pale penye nafasi ya kukaa. Maji yalikuwa safi hata ukaona mawe chini. Kijiji nilichoshukia wenyewe wameniomba nisikitaje jina, kwa sababu, nanukuu, hawataki mgeni mwingine mwenye rula. Mtaelewa huko mbele.

Ufukweni nilikuta makipe yamepandishwa mchangani, ile mitumbwi miwili miwili iliyofungwa pamoja kwa ajili ya kuvulia dagaa. Hapo ndipo nilipojua habari ya mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, kwenye giza. Mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, wavuvi wanapumzika karibu wiki nzima, na wiki hiyo ndiyo darasa. Kila siku alasiri, mpaka giza lirudi. Kalenda yangu yote ya Jumamosi kwa Jumamosi ikawa haina maana.

Kiongozi wa darasa ni Mama Eliya, mwanamke wa makamo anayeanika dagaa, mwenye sauti ya chini inayokufanya usogee karibu. Alikuwa ameinama kwenye kichanja anageuza samaki.

"Mwakeye, Mwalimu," akanisalimu kwa Kiha, halafu akanirahisishia: "Habari za safari? Umekuja kutufundisha au kukaa nasi?"

"Vyote viwili," nikajibu.

"Tutaanza na kukaa," akasema, akanisogezea dagaa na mimi nigeuze.

Saa tisa watu walikusanyika pale pale kati ya vichanja, wengine wamekalia ndoo, wengine ukingo wa kipe. Katibu, mvuvi mwenye mabega mapana aitwaye Bukuru, akafungua daftari la mahudhurio. Sasa, mimi nikiona daftari la mahudhurio siwezi kujizuia. Nikamwomba kalamu, nikaandika jina langu chini ya yote kwa mwandiko wa ubaoni, Mwl. Chibago, na nikalipigia mstari kwa rula niliyokuwa nayo mfukoni. Bukuru alitazama ule mstari, akamtazama Mama Eliya, lakini hakusema neno. Laiti angesema.

Nikauliza wako somo la ngapi, maana walikuwa na kitabu kama changu. "La tatu," wakajibu. Tangu lini? Tangu kiangazi, kabla mvua hazijaanza. Nilishtuka. Mimi masomo yote kumi na manane niliyamaliza kwa miezi minne, na mapitio juu.

Basi nikaona wanavyofanya. Hawasomi somo jipya kabla ya kurudisha la zamani, na kurudisha si kulisema kwa moyo. Mama Eliya huuliza swali moja tu: "Umelifanyia nini?" Kila mtu aeleze. Asiyekuwa na la kueleza anasema "bado," hakuna anayemcheka wala kumkaripia, ila darasa zima linabaki kwenye somo lile lile mpaka jina la mwisho kwenye daftari lirudishe. Na somo la tatu lilikuwa la kile kisa cha mtu anayepeleka sadaka, akakumbuka kwamba ndugu yake ana kinyongo naye: aiache sadaka hapo hapo, aende wapatane kwanza.

Zamani, Mama Eliya aliniambia, walikuwa wakienda mbio kama mimi. Walimaliza kitabu kwa mbalamwezi mbili, wakapewa vyeti vyenye utepe. Wiki iliyofuata wawili wenye vyeti wakapigana hadharani kugombea mahali pa kuegesha kipe. "Tukakusanya vyeti, tukaanza upya," alisema. "Mmoja wao ndiye huyu katibu wetu."

Bukuru alitikisa kichwa kukubali. Yeye alikwisha kurudisha somo la tatu muda mrefu. Alikwenda kwa shemeji yake waliyekosana kwa ajili ya nyavu, wakapatana, wakala pamoja, na kabla ya kunawa mikono wakakosana kwa jambo jingine. Darasa lilijadili siku nzima, likaamua la zamani limerudi, hilo jipya litahesabiwa kivyake.

Jumatano, katikati ya mazungumzo, wingu likatokea juu ya mlima. Hakuna aliyefunga kwa sala wala kuaga. Wote waliruka kukusanya dagaa, na mimi nikajikuta nakimbia na turubai begani, koti la suti limelowa na kunuka samaki. Niliburudika kuliko nilivyotarajia. Nilikaa kwenye kibanda na watu ambao juzi yake sikuwajua, tukala muhogo wa kuchoma, na hakuna aliyeniomba nifundishe chochote. Kusema kweli nilianza kuona wivu. Darasa langu halijawahi kunitazama kwa macho yale waliyomtazamia Mama Eliya.

Alhamisi alasiri kulikuwa na shauku. Aliyebaki bila kurudisha alikuwa mtu mmoja, Mama Esperansi, mzee aliyetoka Burundi miaka mingi iliyopita akaishi hapo na kuzeeka hapo. Bata wa jirani yake walimlia dagaa kichanja kizima, naye akamtolea jirani huyo neno bombani mbele ya watu. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Kwa miezi yote ile kila alipoulizwa alisema "bado," na watu wakasubiri.

Siku hiyo alisimama, akajifunga kanga vizuri. "Ego, ndiyo, nimekwenda," akasema. "Nimemwambia neno langu lilikuwa baya, anisamehe. Amenisamehe. Lakini bata wake bado ni wezi, hilo sikulifuta."

Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Vijana wawili walikuwa tayari wamefungua somo la nne. Mama Eliya akamwambia Bukuru aweke alama kwenye daftari tuendelee. Bukuru akashusha kidole kwenye majina, akafika chini, akasimama.

"Bado mmoja," akasema.

Nilitazama huku na huku kama wengine kumtafuta huyo anayetuchelewesha. Kisha nikaona wote wananitazama mimi.

"Mimi ni mgeni," nikasema.

"Umejiandika mwenyewe," akasema Bukuru kwa upole. "Tena umepiga mstari."

Nikadhani njia ya kutoka ipo. Nikasimama, nikalisema somo la tatu lote kwa moyo, mstari kwa mstari, na maelezo ya pembeni. Walisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza Mama Eliya akasema, "Asante, Mwalimu. Umelisoma vizuri. Umelifanyia nini?"

Nikapapasa rula mfukoni. Kuku mmoja alipita katikati yetu taratibu.

"Hatukulazimishi," akaendelea Mama Eliya. "Unaweza kulifuta jina lako. Kalamu nyekundu unayo."

Nilitoa kalamu. Nimekata majina ya watu wengi maishani mwangu kwa kalamu ile, na sikuwahi kuona kazi. Siku hiyo mkono ulikataa. Nikaketi kwenye ndoo, nikawasimulia yote: mtihani, ubao wa matangazo, Mzee Ndahani na zile tatu zake, kengele iliyonyamaza. Nilikuwa sijawahi kulisema jambo hilo kwa mpangilio, na nilipolisema nikasikia aibu kali, ya kweli, mpaka masikioni. Miezi yote nilikuwa nawalaumu watu kwa uvivu. Kumbe nilimwaibisha mtu mzima kanisani kwake, na wengine walikuwa wananisubiri nimwendee.

Bukuru akauliza, "Na mke wako alipata ngapi?"

"Kumi na moja."

"Ulizibandika?"

"Nilizibandika."

"Na bado anakupikia?" akauliza Mama Esperansi, na hapo akina mama walicheka mpaka wakashikana. Nami nikacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu.

Wakashauriana kwa Kiha, nikaachwa nje. Halafu Mama Eliya akatoa uamuzi. Jina langu linabaki. Darasa linabaki somo la tatu. Mbalamwezi ijayo Bukuru atanipigia simu. Mmoja wa wale vijana akafunga kitabu chake akishusha pumzi, na sikuweza kumtazama.

Ijumaa nilirudi na boti mpaka Kibirizi, nikashuka Ujiji kununua mawese kabla ya treni. Niliingia kwenye duka la mama mmoja wa Kiislamu, Bi Mwajuma, nikataka dumu zuri la zawadi. Akaniuliza ni la sherehe gani. Sijui kwa nini nilimwambia kweli. Labda nilikuwa nimezoea kukiri. Nikasema ni la mzee niliyemkosea, nitamtumia kwa mtu.

"Kwa mtu?" akasema, huku anafuta dumu kwa kitambaa. "Baba, mafuta yangu ni mazuri, lakini hayasemi samahani."

Nilinunua hata hivyo, la jikoni kwetu.

Nyumbani nilifika nikipokewa vizuri, na kwa wiki tatu nikafanya kila kitu isipokuwa kile kimoja. Nilimsimulia Mchungaji habari za ziwa. Niliwagawia majirani dagaa. Nilimwona Mzee Ndahani kwa mbali mara nne, na mara zote nne nikakumbuka shughuli upande wa pili wa barabara. Mama Yoeli alikuwa ananiona, na akawa anapika zile dagaa kila siku bila kubadilisha, asubuhi na jioni, ili nisisahau nimetoka wapi.

Wiki mbili kabla ya Majilio simu ikalia wakati nakula.

"Shikamoo Mwalimu," alisema Bukuru. "Mwezi umekua. Makipe tutayapandisha wiki ijayo, na Jumamosi ya wiki hiyo tutakupigia tukiwa darasani. Umerudisha?"

"Bado," nikasema. Neno lenyewe ni dogo, lakini kulitamka kunachosha.

"Sawa," akasema, bila lawama hata kidogo. "Watu wanakusalimu. Mama Esperansi anauliza kama bado unapikiwa."

Nilikata simu nikamtazama Mama Yoeli. Akanipa fimbo yangu na kofia.

Mzee Ndahani nilimkuta anaziba pengo kwenye zizi. Nikamsalimu, "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umeleta mtihani?"

Nikamwambia sikuleta mtihani. Nikamwambia nimekuja kwa sababu nilimkosea, kwamba kumwandika mtu mzima vile ubaoni ilikuwa kumdharau, na kwamba nimechelewa kuja kwa sababu ya kiburi na, wiki hizi tatu, kwa sababu ya woga. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu. Ilikwisha hapo.

Aliendelea kufunga mti kwa kamba mpaka fundo likakaza. "Unajua siku ile sikuwa na miwani?" akasema. "Mjukuu aliikalia. Nikaona aibu kusema. Karatasi nzima niliijaza kwa kubahatisha. Hizo tatu ulizonipa, Mwalimu, zilikuwa neema tupu."

Nilicheka, na yeye hakucheka, nikaacha.

"Ulinibandika mbele ya watu," akasema. "Hapa kwenye zizi wananisikia mbuzi tu. Nenda ukanibandue kule kule."

Jumapili, saa ya matangazo, nikaomba nafasi. Mchungaji alidhani nitazungumzia viti. Nilisimama karibu na mlango, kwenye ubao ule ule, nikasema kwamba nilitumia ubao huu kumwaibisha Mzee Ndahani, kwamba sikuwa na haki hiyo, na kwamba namwomba msamaha yeye na wote niliowabandika. 

"Na mke wako?" likatoka swali kwenye mabenchi ya akina mama. Nilijua ni nani, nimelala naye nyumba moja miaka thelathini.

"Na Mama Yoeli," nikasema. Kanisa zima likaangua kicheko, Mchungaji akiwemo. Mzee Ndahani alikuwa anatazama mbele, uso hauna habari. Baada ya ibada akaondoka bila kupita kwangu.

Jumamosi alasiri nilifungua chumba. Wale wawili waliobaki, akina mama waaminifu, walikuwepo. Mama Yoeli akaja na daftari jipya, hakusema habari ya kufua. Nyuma yake wakaja wengine watano, wakakaa karibu na mlango kama watu wanaoweza kuondoka. Saa tisa ikafika. Nje kimya. Mchungaji naye alipita dirishani, akahesabu vichwa kwa macho, akaendelea kutembea.

Sikufungua kitabu. Sikuwa na haki ya kufungua kitu. Saa tisa na robo simu yangu ikalia, nikaiweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Mwalimu," alisema Bukuru, na nyuma yake nikasikia watu, na maji. "Tumekaa. Umerudisha?"

"Nimekwenda," nikasema. "Nimesema kwake, nimesema mbele ya watu. Lakini sijui kama amepokea."

Upande ule wakanong'onezana. Upande huu wote wakaisogelea simu. Nilifikiria wale wavuvi na vitabu vyao vimefungwa, wanamsubiri mtu wa Dodoma waliyemwona siku tatu, na nikajua jambo moja ambalo miaka yote ya chaki haikunifundisha: mimi nilikuwa namaliza masomo watu wakiwa wamebaki nyuma, na nikaita hiyo kufundisha.

Ndipo nje nyundo ikagonga rimu. Mara moja, kwa nguvu, kisha mara nyingine, na nyingine, mlio ule ule wa Jumamosi za zamani ambao nilikuwa nimeanza kuusahau.

"Hiyo ni nini?" ikauliza sauti ya chini ya Mama Eliya kwenye simu.

"Ni Mzee Ndahani," nikasema.

Wakaisikiliza mpaka ikaisha, wao kule ziwani na sisi huku. Kisha nikamsikia Mama Eliya akisema, si kwangu, "Bukuru, mwekee Mwalimu alama. Fungueni somo la nne." Vigelegele vikaanza, simu ikakatika.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Ndahani alisimama pale, nyundo mkono mmoja, miwani mkono wa pili.

"Leo nimekuja nayo," akasema, akavuta kiti cha plastiki, akakaa mbele.